Wajukuu Wangu, Ngozi Haisahau

Wajukuu wangu, mlioko hapa Golbanti na mliotawanyika Garsen, Ngao, Witu hadi Malindi, tulieni kidogo mnisikilize. Msimu wa harusi umekaribia, na vipakiti vya piko, hiyo inayoitwa hina nyeusi, vimeanza tena kupita mkono kwa mkono. Nina neno nanyi kabla hamjavifungua.

Sikatazi harusi, wala sikatazi pambo. Bibi yenu alipendeza na hina yake, na anayesema wazee hatupendi urembo hajawahi kumwona babu yake akiwa kijana. Lakini nimefunga vidonda vya watu wa mto huu tangu mama zenu wakiwa wanafunzi, na vingi nilivyovifunga havikuletwa na mamba wala panga. Vililetwa na kitu cha kujipendezesha.

Hina ni jani. Mhina hukaushwa, ukatwangwa, ukakandwa kwa maji na ndimu, mtu akapakwa na kukaa nao saa nyingi. Rangi hutoka ya machungwa, kisha hukoza ikawa kahawia. Hina nyeusi tititi haijaumbwa. Mkiiona, jueni kuna kilichotiwa.

Kilichotiwa ni rangi ya nywele. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini. Jina hilo mnaweza kuliacha, mshike herufi zake tatu, PPD, maana ndizo mtakazoziona kwenye vile vipakiti vinavyojali kuandika chochote. Ulaya sheria inaruhusu isizidi asilimia 2 katika rangi inayopakwa kichwani, na hairuhusu kabisa ichorwe ngozini. Waliopima hina nyeusi za mitaani wamekuta nyingine zimepita asilimia 10.

Najua mtakachoniambia. "Babu, mimi nimepaka harusi ya dada, nikapaka Idi, sikuona kitu." Mwanangu, hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Kimya cha ngozi si ruhusa.

Hebu niwaeleze kinachotendeka ndani ya kimya hicho, na msione ni habari ya madaktari tu. Ni ngozi yenu.

Ngozi ina tabaka la juu lililokufa ambalo kazi yake ni kuzuia. Vitu vikubwa havipiti. Wataalamu wameweka mpaka wa daltoni 500, kipimo cha uzito wa molekuli, na kitu kilicho kizito kuliko hapo hupenya kwa shida. PPD ina 108. Inapita bila kuulizwa.

Ikishaingia, peke yake bado ni ndogo mno kuonwa na kinga ya mwili. Inapojibandika kwenye protini zako wewe mwenyewe ndipo inapoonekana. Na msiba ni huo: kinachoonekana si rangi, ni wewe uliyegeuzwa sura. Kinga ya mwili inakuangalia ikaona mgeni.

Mnajua jinsi mpunga unavyolindwa hapa kwetu, mtu amekaa juu ya dungu akiangalia ndege mchana na viboko usiku. Ngozi nayo ina walinzi waliokaa hivyo, wana mikono mirefu iliyopenya kati ya chembe nyingine. Aliyewaona kwanza ni kijana wa Kijerumani, Paul Langerhans, mwaka 1868, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin. Aliwadhania kuwa sehemu ya mishipa ya fahamu. Ilipita zaidi ya miaka mia moja kabla watu hawajaelewa kwamba wale ni walinzi.

Mlinzi akimkamata huyo mgeni, hapigi kelele palepale. Anateremka na kumpeleka kwenye tezi, zile zinazovimba mkasema mna mitoki. Huko anawaonyesha chembe nyeupe ziitwazo chembe T. Ikiwemo inayomtambua, inaanza kuzaana. Kazi hiyo huchukua siku 10 hadi 14, nawe umekwisha rudi shambani, harusi imekwisha, hukumbuki hata ni nani aliyekuchora.

Kwa hiyo ile mara ya kwanza mliyosema haikufanya kitu, huenda ndiyo iliyofanya kila kitu.

Siku utakayopaka tena, chembe zile ziko tayari. Haziji mara moja pia, na hili huwapumbaza wengi. Zinachukua saa 24 hadi 72. Bibi harusi anachorwa Alhamisi, Ijumaa anang'aa, Jumamosi mikono inawasha, Jumapili imejaa malengelenge yaliyofuata kila ua na kila jani alilochorwa. Wanasema amerogwa na mwenzake. Hakurogwa. Wengine hata mara ya pili haihitajiki, kwa kuwa piko bado iko ngozini siku chembe T zinapomaliza kujifunza, nayo ngozi ikalipuka wiki ya pili.

Nakusihini, msipite haraka hapa. Hii si kama kuungua. Mnamkumbuka, au mmesimuliwa, yule mdudu mwembamba mwekundu kwa mweusi aliyejaa majumbani mvua za El Niño za 1997 na 1998? Ukimponda shingoni, maji yake hukuunguza, ngozi ikatoka malengelenge, ikapona, basi. Maji yale ni sumu inayomchoma kila mtu, nayo ngozi haiweki kisasi. Piko nayo yaweza kuwaunguza hivyo baadhi ya watu. Lakini ninayoililia ni aleji, maana ikishaingia haitoki.

Mwaka 1942 wanasayansi wawili huko New York, Karl Landsteiner na Merrill Chase, walichukua simbilisi waliokwisha kupata aleji ya kemikali, wakatoa chembe zao nyeupe na kuwatia simbilisi wengine ambao hawajawahi kuiona kemikali hiyo. Wale wageni wakapata aleji ileile. Maji ya damu yaliyochujwa hayakuwa na nguvu hiyo. Kumbe kumbukumbu ya ngozi imo ndani ya chembe zenyewe, zinazoishi na kuzaana. Nyingine hurudi kukaa palepale pa kidonda cha kwanza. Ndiyo maana mtu aweza kutia rangi nywele tu, na yale maua ya mkononi, yaliyopona zamani, yakaanza kuwasha tena.

Hakuna dawa ya kuzisahaulisha chembe hizo. Nasema tena, mjukuu wangu: hakuna. Kuna dawa ya kutuliza mlipuko. Ya kufuta haipo.

Sasa tazameni njia hii inakoelekea, maana mimi nimeona mwisho wake.

Kwanza huja kovu la rangi. Malengelenge yakikauka, ngozi yetu nyeusi huweza kupoteza rangi palepale, maua meusi ya harusi yakawa maua meupe ya miezi, kwa wengine miaka. Wengine hubaki na mabaka meusi zaidi. Binti anavaa mikono mirefu na jua la Garsen mnalijua.

Kisha huja mvi. Mnacheka, lakini zitakuja. Siku hiyo utataka kutia rangi kama wenzako, nawe ulikwisha kuiuza nafasi hiyo ukiwa na miaka 15. PPD imo katika rangi nyingi za nywele za kudumu. Aliyeipata aleji mkononi akipaka kichwani, uso huvimba, macho yakafunga, maji yakatiririka masikioni. Na zipo jamaa zake PPD ambazo kinga ya mwili haiwezi kuzitofautisha nayo: baadhi ya rangi za nguo nyeusi na za buluu iliyokoza, baadhi ya dawa za ganzi za kupaka. Unavaa suruali mpya, mapaja yanawasha, hujui kwamba ni piko ya miaka kumi iliyopita inayokudai.

Na wako waliofika mbali kuliko hapo. Sudan, ambako wanawake wamezoea kuchanganya PPD yenyewe na hina, madaktari waliandika tangu mwaka 1983 habari za watu waliosumika kwayo, shingo na koo zikavimba hadi pumzi ikakosa njia, figo zikasimama. Hao wengi waliimeza, au iliwaingia mwilini kwa wingi. Siwatishi kwamba ua moja la mkononi litakusimamisha figo. Nawaambia mjue mnacheza na kitu gani.

Pambo la usiku mmoja lisiwe deni la maisha. Watoto ndio ninaowaombea zaidi. Msimchore mtoto piko akilia kwamba mama amechorwa. Mtoto ana miaka mingi ya kukutana na PPD mbele yake, na kuufundisha mwili wake kuichukia mapema ni kumpa mzigo asioujua. Na kwa kuwa tumefika hapo, hata hina safi msimpake mtoto mchanga. Pwani hii ya malaria ina watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, nao mtoto wa namna hiyo akipakwa hina mwilini, damu yake yaweza kupasuka na macho kuwa ya manjano. Si kila cha asili ni cha kila mtu.

Mtasema babu anachukia vya dukani tu. Basi twende shambani.

Mto wetu umejaa miembe. Kila msimu naletewa mtoto mwenye midomo iliyovimba na mapele pembeni mwa kinywa, mama anasema ni joto. Joto gani linalochagua midomo? Ni utomvu. Ganda la embe na maji yanayoruka kikonyo kinapovunjika yana mafuta ya ukoo mmoja na yale ya ganda la korosho, nayo hufanya kazi ileile ya PPD: yanapenya, yanajibandika, yanaonyeshwa kwa chembe T. Waliowahi kubangua korosho huko Kilifi wanajua mikono yao ilivyokuwa.

Mwaka 2005 madaktari wa Israeli waliandika habari ya vijana wa Kimarekani waliokwenda kuchuma maembe huko. Wamarekani wakatoka upele mkali, wenzao wenyeji waliochuma nao bega kwa bega hawakupata kitu. Walipoulizwa, Wamarekani wale walikuwa wametoka nchi yenye mtambaa wa sumu ambao mafuta yake ni ndugu ya utomvu wa embe. Ngozi zao zilisoma somo Marekani zikaujibu mtihani katika bara jingine. Mimi nikiisoma habari hiyo ndipo nilipoamini kabisa kwamba hakuna safari inayoikimbia kumbukumbu ya ngozi.

Basi embe kuleni, nani atawakataza embe Golbanti? Lakini lioshwe, limenywe kwa kisu, na mtoto asilichune ganda kwa meno. Aliyekwisha kupata mapele mara nyingi aweza kula nyama yake bila shida, mradi mwingine amemmenyea. Wachumaji, funikeni mikono, na utomvu ukikurukia usingoje jioni, osha hapohapo kwa maji na sabuni.

Nyinyi wavulana mnaokwenda vibarua vya ujenzi, saruji mbichi nayo ina madini ya kromu yanayofundisha ngozi vilevile. Fundi anafanya miaka bila tatizo, kisha mikono inapasuka na hawezi tena kushika mwiko. Vaeni glavu, na maji ya saruji yakiingia ndani ya buti, vueni muoshe. Na herini za bei ya chini zenye nikeli, wasichana, ni darasa hilohilo.

Sasa kuna jambo linaloniuma kuliko piko. Ni krimu.

Ngozi ikishawasha, hamji zahanati. Mnakwenda kwa kemisti, au kibandani panapouzwa betri na sukari, mnapewa tyubu ndogo. Mnapaka, na kufikia asubuhi pametulia. Mnasema, dawa ndiyo hii! Nami nawauliza: imetuliza nini?

Nyingi zina steroidi, betamethasoni au klobetasoli, na klobetasoli ni katika zile kali kabisa. Kazi yake ni kuzinyamazisha chembe T. Daktari akikupa kwa ugonjwa unaojulikana, mahali panapojulikana, kwa siku alizokuhesabia, ni dawa njema na siidharau; mimi mwenyewe nimeitoa. Tatizo ni wewe unayeipaka usoni mwezi baada ya mwezi kwa kuwa imekufanya mweupe kidogo.

Ngozi hukonda. Mishipa huonekana. Chunusi hutoka, nywele huota mahali pasipo pake, mistari hupasuka mapajani na kwapani, nayo mistari hiyo haifutiki. Na kama ulichokuwa nacho tangu mwanzo ni mashilingi, yaani fangasi, umeinyang'anya ngozi walinzi wake na fangasi anatembea kimyakimya hadi mgongo mzima. Ukiacha ghafla, uso unawaka moto, nawe unakimbilia tyubu nyingine. Nimewaona wasioweza kutoka nje mchana. Aliyekopa weupe hulipa kwa ngozi.

Tena nyingine zimechanganywa dawa tatu ndani ya tyubu moja, na mojawapo mara nyingi ni neomisini, ambayo yenyewe huleta aleji ya mguso. Steroidi inaificha aleji ambayo neomisini inaichochea. Mtu anapaka dawa, dawa inamuumiza, na dawa hiyohiyo inamficha asijue. Ujanja wa namna hiyo sijauona hata kwa fisi.

Za kujichubua zenye zebaki na haidrokwinoni, KEBS, shirika la viwango, lilikwisha kuzipiga marufuku, na bado mnaniletea makopo yake. Dawa isiyo na jina haina wa kulaumiwa. Msinunue krimu iliyobanduliwa karatasi, wala iliyopimiwa kwenye kikebe. Nawaomba kwa jina la mama zenu.

Yupo mmoja miongoni mwenu, na hamjui nani, ambaye hakupaka chochote na bado ngozi yake imempinga. Huyu naye nataka kumsemea.

Ana mabaka viwikoni, magotini, kichwani, kiunoni. Yamevimba kidogo, yamefunikwa magamba meupe yanayong'aa ukiyakwangua. Vitabu vya Ulaya husema ni mekundu. Kwetu huwa ya zambarau au meusi, na wahudumu wengi waliosoma picha za Wazungu huyapita bila kuyajua. Kucha zina vitundu kama zimedungwa sindano. Wengine huumwa viungo asubuhi. Ugonjwa huo ni soriasisi.

Ngozi ya kawaida huchukua karibu mwezi mmoja chembe yake kuzaliwa chini, kupanda juu na kubambuka. Kwa mwenye soriasisi ni siku chache tu, tatu hadi tano, ndiyo maana magamba yanarundikana. Anayeiharakisha ni chembe T zilezile, za kundi jingine. Walinzi wa ngozi hutoa ujumbe uitwao intalukini 23, chembe T zikajibu kwa intalukini 17, ngozi ikazaana kwa pupa, nayo ikizaana huita walinzi zaidi. Mviringo huo hauna mlango. Kwenye piko kuna mgeni aliyewasha moto. Kwenye soriasisi mtu hurithi kuni, na moto huweza kuwashwa na jambo dogo.

Jambo lenyewe huweza kuwa maumivu ya koo. Mtoto anaugua koo la bakteria, wiki mbili tatu baadaye mwili mzima umetoka vibaka vidogo kama matone. Huweza kuwa dawa: sisi wazee tuliomeza klorokwini, ambayo Kenya iliiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998, tunakumbuka ilivyotuwasha, lakini kwa mwenye soriasisi ilikuwa zaidi ya kuwasha, iliamsha ugonjwa wenyewe. Na huweza kuwa jeraha tu. Mjerumani mwingine, Heinrich Koebner, aligundua katika miaka ya 1870 kwamba ngozi ya mtu wa namna hii ikichubuliwa, mabaka mapya huota juu ya mchubuko. Sasa fikirieni binti mwenye kuni hizo akichorwa piko, malengelenge yakatoka. Ua la harusi laweza kuwa baka la soriasisi.

Soriasisi haiambukizi. Naomba mlisikie hilo kwa masikio yote mawili. Haiambukizi kwa kushikana mkono, wala kwa sahani, wala kwa kitanda. Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio mwaka 2014 kwa sababu watu hawa wanaumizwa na majirani kama wanavyoumizwa na ugonjwa. Nimemwona mpishi aliyekatazwa kugusa chakula cha harusi, na mwanamume aliyenyimwa mke, kwa ugonjwa usioweza kuvuka hata unene wa shuka.

Na wewe mwenye mabaka hayo, mwanangu, sikia langu. Usikubali sindano ya steroidi ya kila mara inapowasha, wala vidonge vyake vya kujinunulia. Utafurahi wiki moja. Ukiviacha, soriasisi yaweza kurudi kwa hasira, mwili mzima ukajaa vipele vya usaha, homa ikapanda, na hilo ni la kulazwa hospitalini. Nenda zahanati useme mabaka haya yana miezi. Wakikuandikia barua ya kwenda mbele, nenda. Kuna methotreksati, dawa ya siku nyingi isiyo ghali, lakini ni ya mara moja kwa wiki na hutaka kupimwa damu, kwa hiyo usiazime ya jirani. Jua la asubuhi kwa kiasi husaidia. Kuna na sindano mpya zinazozima intalukini 17, zilizoanza kutumika mwaka 2015, na bei yake ni ya kuuza ng'ombe wengi. Wakikuomba upime VVU, usikasirike, maana virusi hivyo huweza kuifanya soriasisi ichachamae ghafla.

Msiseme hakuna wa kuwatibu. Mjini Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC, kimekuwepo tangu mwaka 1992 kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi, nacho kimewafunza wahudumu wa nchi nyingi za Afrika, si madaktari wakubwa peke yao. Ulizeni hospitali ya kaunti ni nani anayeshughulikia ngozi na siku yake ni ipi.

Aliyekwisha kudhurika na piko asiizidishe kwa dawa za mabarazani. Asipake dawa ya meno, asipake majivu, asitoboe malengelenge. Aoshe rangi iliyobaki, aweke kitambaa safi kilicholowa maji baridi, aje zahanati. Uso ukivimba, midomo ikivimba, pumzi ikibana, msingoje asubuhi. Tafuteni pikipiki usiku huohuo hadi hospitali.

Na kwa wale wanaotaka kujua kama wanayo aleji: kipimo kipo. Miaka kumi baada ya wamisheni wa Kimethodisti kufungua kituo chao hapa Golbanti mwaka 1885, daktari Josef Jadassohn alionyesha huko Ulaya kwamba ukibandika kiasi kidogo cha kitu mgongoni na kukisubiri, ngozi itakujibu. Mpaka leo hufanywa hivyo, viraka vikabandikwa saa 48, vikasomwa, vikasomwa tena. Hufanywa na anayejua kiasi. Msijipime wenyewe nyumbani kwa tone la piko, kwa kuwa kujipima huko ndiko kunakoifundisha ngozi.

Akina shangazi mnaochora, nawaheshimu, ni riziki yenu. Bibi harusi akiomba nyeusi mwambieni hina ikikandwa vizuri na kukaa usiku kucha hukoza ya kutosha. Akishikilia, mwambieni babu amekataa. Lawama nitaibeba mimi.

Na mwenye kipakiti asichokielewa asifungue. Akilete hapa kwangu kabla ya Alhamisi, pamoja na tyubu zote mlizozificha chini ya godoro. Herufi zake ni ndogo na nyingine za Kihindi, lakini miwani ninayo, na PPD naijua hata wakiiandika kwa jina lake refu.